Mtamba wa Ofisi

Alikuwa na desturi ya kumtazama mtu mkononi kabla ya kumtazama usoni. Wageni walidhani ni haya, na wengine walidhani ni dharau. Sisi majirani tulijua kwamba alikuwa akitafuta mshipa. Kazi yake katika kituo cha afya ilikuwa kuwatoa watu damu na kuisoma chini ya hadubini, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hata ukikutana naye Jumapili kwenye njia ya kanisani, macho yake yalitua kwanza ndani ya kiwiko chako, yakaridhika, ndipo yakapanda kukusalimu. Hapa kwetu Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, watu walimwita Mpimaji. Jina la Daktari alilikataa katakata. Mtu akimwita hivyo alisimama palepale, hata kama mvua ilikuwa inakuja, akamweka sawa.

"Docta ni ule anapanaka dawa. Mie naangaliaka tu ile iko mu damu. Usichanganyishe batu."

Nilimjua tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi hadi nilipomaliza chuo mjini Mbarara. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa, na kwa muda mrefu ua ule ulikuwa na maana kuliko unene wake. Sisi ni wakulima, yeye alikuwa mfugaji, na kule Kivu Kusini tulikotoka sote, mkulima na mfugaji huweza kukaa mlima mmoja vizazi na vizazi bila kula chungu kimoja. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuja na milima yake moyoni. Jioni moja alisema kwa sauti, akijua anasikika, kwamba mfugaji anapenda ng'ombe kuliko watu. Kutoka upande wa pili wa minyaa likaja jibu, pole kabisa:

"Ni kweli, baba. Ng'ombe hazisengenyake batu nyuma ya lupango."

Nikamwona baba akigeuza uso kutoka kwenye ua, lupango lenyewe, ili nisimwone anacheka. Tangu siku ile walirushiana maneno juu ya ua kama watu wanaorushiana matunda. Mimi Mpimaji aliniita Mutoto wa Muhogo. Nami nilimwita Yaya, jina ambalo kwetu ni la kaka au dada mkubwa, ingawa umri wake ulikuwa karibu zaidi na wa baba kuliko na wangu.

Yaya alikuwa mtu wa maswali. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye kazi na mshahara akiuliza kama yeye. Alimuuliza mama mwuza sambusa kwa nini anaanza kukunja kona ya kushoto. Alimuuliza fundi baiskeli kama raba ya gurudumu huchoka usiku au mchana. Siku moja, katika mkutano wa kanisa, alinyoosha mkono mchungaji akiwa bado anageuza kurasa.

"Mchungaji, Nuhu aliingiza mbu mbili mu safina. Juu ya nini?"

Mchungaji alifikiri kidogo, akajibu, "Ili wewe upate kazi."

Kanisa zima lilicheka, na Mpimaji alicheka kuliko wote. Lakini baadaye, tukirudi nyumbani, alisema kitu ambacho nimekibeba hadi leo. Nilikuwa nimemuuliza kama alikuwa akiuliza vivyo hivyo tangu utotoni. Akasema hapana. Mtoto wa mfugaji husikiliza. Kisha yeye na jamaa zake wakakimbilia hapa, na hapa yeye ndiye aliyeulizwa: umetoka wapi, mko wangapi nyumbani, uliona nini, mbona jina lako halikuandikwa hivi mara ya kwanza. Miaka ya ujana wake yote ilikuwa ya kujibu.

"Halafu nikafika ku université," alisema. "Mwalimu akamaliza kufundisha, akafunga kitabu, akauliza, 'Nani ana swali?' Akangoja. Mutoto wa Muhogo, akangoja mie! Mukimbizi anaulizwaka. Mwanafunzi anaulizaka. Ile ndiyo balinipatia."

Aliposema "balinipatia" alimaanisha watu wa ufadhili. Alisoma Mbarara kwa fedha za mfuko unaowalipia vijana waliotoka nje ya Uganda, mfuko wenye ofisi yake ndogo Nyamitanga, ng'ambo ya Mto Rwizi. Katika orodha za chuo aliitwa mwanafunzi wa kimataifa, na jambo hilo halikuacha kumfurahisha. "Benzangu ba kimataifa balikuja na ndege," alikuwa akisema. "Mie nilikuja na miguu, na mbuzi mbele."

Nimesoma makala nyingi zinazosifu ufadhili wa masomo, na nyingi huhesabu tu: waliohitimu, walioajiriwa. Nikimtazama Mpimaji nilikuwa najiuliza jambo lingine. Nilitaka kujua ni lini hasa, katika maisha ya mtu, ufadhili humgeuza. Kwake naamini ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo wa mwaka wa kwanza. Waliwekewa kipande cha kioo chenye damu iliyotiwa rangi, wakaambiwa waeleze walichokiona. Alikiona vizuri, ila neno la Kiingereza la rangi ile lilimtoroka. Muda ulikuwa unakwisha. Akaandika "bihogo," jina ambalo wafugaji wa kwao humpa ng'ombe mwenye wekundu mzito unaokaribia weusi.

Wiki iliyofuata mhadhiri alisimama mbele na karatasi mkononi. "Nani ameandika kwamba kimelea hiki ni bihogo?"

Darasa likacheka bila kujua linacheka nini. Mpimaji akasimama, akijiona tayari yuko kwenye gari la kurudi Nakivale. Kumbe mhadhiri alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa Mbarara, mtoto wa boma la ng'ombe, na neno lile liko kwao pia kama lilivyo kwao akina Mpimaji. Akamtazama juu ya miwani.

"Bihogo ya kivulini au ya juani?"

"Ya juani, mwalimu."

"Basi uko sahihi," mhadhiri alisema. "Ila mtihani ujao, tafuta neno ambalo msahihishaji asiye na ng'ombe ataelewa."

Alilitafuta neno hilo, akalipata pamoja na mengine mengi, akahitimu vizuri. Lakini aliniambia kwamba kuanzia siku ile hakujiona tena mgeni aliyeazimwa kiti. Alikuwa ameingia darasani na kitu chake, na kitu hicho kilikuwa kimepokelewa. Nawaomba wasomaji wakishike kisa hiki, kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hicho.

Kabla ya hapo niseme kidogo kuhusu ugumu wake, maana sitaki kumchora mtu aliyenyooka kama rula. Alikuwa tayari kumtolea damu yake mgonjwa asiyemjua, lakini hakuwahi kumwazima mtu pampu ya baiskeli. Aliwafundisha akina mama kwamba homa haitokani na jicho la jirani, tena kwa subira ya ajabu, lakini hakukubali mtu ataje kwa sauti idadi ya ng'ombe mbele yake, hata ng'ombe wa mtu mwingine. Aliwafundisha bure vijana wa sayansi kila Jumamosi chini ya bati la kanisa. Akija kijana kushukuru kwa maneno matupu, Mpimaji alimkatiza. "Asante ya kinywa inakaukaka mbele ya jua kuzama," alisema. Na wakati huohuo hakuna mtu aliyeteswa na shukrani kama yeye.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwao, mtu akikupa ng'ombe jike, hajakupa mali tu. Amefungua mlango kati ya nyumba yake na yako. Ng'ombe huyo akizaa, siku moja utachagua mtamba, yaani jike changa ambaye bado hajazaa, utamchukua mzee anayejua kusifu ng'ombe kwa maneno ya kale, na mtampeleka mtamba huyo kwa aliyekupa. Yeye akiishika ile kamba, mmekuwa watu wa nyumba moja. Asiporudisha mtu, wanasema amekula mlango. Kwa Mpimaji hapakuwa na utata wowote: watu wa Nyamitanga walimpa ng'ombe. Ng'ombe huyo amezaa hadubini, mshahara, mke, watoto wenye viatu. Kwa hiyo mtamba lazima arudi.

Nilikuwa Nyamitanga asubuhi aliyompeleka. Mfuko uleule ulikuwa umeanza kunilipia na mimi, na nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje nikingoja kuitwa. Nilisikia kwanza sauti ya askari wa getini.

"Wewe, sebo! Hiyo ng'ombe unapeleka wapi?"

"Ku biro ya masomo," sauti ya Mpimaji ilijibu, biro kwetu ikiwa ni ofisi.

"Ng'ombe nakuja kusoma?"

"Hapana, ndugu. Inakuja kushukuru."

"Hapa kila mugeni naacha kitambulisho kwa geti."

"Yeye iko na yake. Angalia ku sikio."

Askari aliinama akatazama kibandiko cha sikioni, na wakati angali ameinama, Mpimaji aliingia. Alikuwa amevaa koti la mahafali yake. Nyuma yake alikuja mzee wa kofia na fimbo, jirani yetu wa upande wa Rubondo, na kati yao mtamba wa rangi ya gaju, hudhurungi nyepesi kama chai ya maziwa, aliyeoshwa hadi anang'aa. Mzee alisimama katikati ya uwanja, akaitupa fimbo begani, akaanza kumsifu mtamba kwa sauti inayokimbia bila kuvuta pumzi. Madirisha yakafunguka. Wafanyakazi wakatoka na vikombe vyao.

Akatoka pia Mama Ofisa. Huyu ndiye aliyekuwa akisimamia mfuko pale Mbarara na ndiye aliyechagua majina: mwanamke wa makamo, Mnyankole, binti wa mwanajeshi, aliyekulia katika kambi ya Makenke ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya michezo yake. Alisimama kwenye ngazi na kusikiliza hadi mwisho. Niliyaona macho yake yakimwendea mtamba, yakapita mgongoni, yakashuka hadi kwato, kama macho ya mtu anayesoma. Kisha akayainamisha.

"Ofisi haiwezi kupokea," alisema. "Ni sheria. Rudisha ng'ombe yako nyumbani, mutoto wangu."

Akaingia ndani. Mpimaji alibaki na kamba imenyooshwa mbele yake, kama mtu aliyetoa mkono kwa salamu na hakupewa. Nilidhani atalia. Badala yake alinitazama na kusema polepole, kama anayeripoti matokeo ya kipimo:

"Anajua Kinyankole, na mzee amesema maneno yenye anasikia. Amenijibu na Kiswahili, haiko na luga ya ng'ombe. Ni biro imekataa. Yeye hayakataa."

Kurudi kwao Nakivale kulikuwa mateso. Habari ilikuwa imewatangulia.

"Mpimaji! Kumbe ng'ombe yako imeanguka mutihani!"

"Hayikuanguka," alijibu, akipita. "Inadubla mwaka tu."

Ndivyo tusemavyo kwetu juu ya mwanafunzi anayerudia darasa, na tangu hapo mnyama yule alijulikana kote kama mtamba wa ofisi. Aliendelea kuitwa hivyo hata alipokuwa ng'ombe mzima mwenye ndama wake. Kila alipozaa jike, Mpimaji alimtenga ndama huyo: huyu ni wa Nyamitanga. Maziwa ya ukoo huo wote hakuyanywa. Tuliyanywa sisi watoto wa majirani, waliyanywa wagonjwa waliotakiwa kula kabla ya dawa. Yeye alinunua ya kwake dukani. Nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kuuliza kutoka kwake, kama maziwa yale yangemdhuru. Akacheka. "Nimeyapima. Iko maziwa safi. Lakini haiko yangu."

Ningeweza kuishia hapo na kumwacha awe kichekesho kizuri cha kijiji. Lakini jambo lilikuwa zito kuliko kicheko. Mwaka niliokuwa namaliza chuo, Mpimaji alipata ufadhili wa pili: shahada ya uzamili katika nchi ya ng'ambo, kwenye maabara inayochunguza vimelea vya malaria ambavyo dawa zimeanza kushindwa kuviua. Alikuwa ameomba bila kumwambia mtu, kwa ajili ya kutaka kujua tu, alisema, kama swali lake lilikuwa swali zuri. Lilikuwa zuri. Vimelea ambavyo alivitazama Nakivale kila siku vilikuwa vinafanya jambo ambalo yeye aliliona mapema, na wale watu walimtaka aje nalo. Akawaandikia kwamba hawezi. Wakamjibu kwamba watamtunzia nafasi hadi mwaka unaofuata, na si zaidi.

Nilipopata habari hizo nilienda kwenye minyaa nikiwa na hasira ya haki, hasira ya mtu aliyetoka darasani.

"Yaya, kwa nini?"

"Mutu hapokeake ng'ombe ya pili, mbele arudishe mutamba wa kwanza."

"Lakini umekwisha kurudisha! Vijana wangapi umewafundisha Jumamosi? Mimi mwenyewe nimeingia chuoni kwa mikono yako. Wafadhili wote husema hivyo: usiturudishie sisi, msaidie mwingine."

Alikuwa akimpiga brashi ndama. Aliendelea hadi akamaliza ubavu wote.

"Mutoto wa Muhogo, kama unanipatia ng'ombe, na mie napeleka mutamba kwa jirani, weye nimekuambia nini?"

Aligeukia ubavu wa pili wa ndama.

"Nimekuambia: sikujui. Kusaidia bale batoto ni muzuri, na nitasaidia siku zote. Lakini ile ni kusaidia. Haiko kurudisha. Mutu mwenye anapokeaka tu, anapokea, anapokea, na hakuna mwenye anapokea kutoka kwake, ule mutu haiko rafiki ya mutu. Iko mulango batu banaingiliamo." Akaweka brashi chini. "Mie nilikuwa mulango miaka mingi hapa. Sitaki tena."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na nikiwa sijakubali. Niliona ubaya wa kipuuzi: akili kama ile imefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya ng'ombe. Na bado, usoni pake sikuona ushamba wala ukaidi. Niliona mtu anayedai kitu ambacho ufadhili haukuwahi kufikiria kumpa, yaani haki ya kutoa.

Basi nikaenda Nyamitanga. Sikutumwa. Nilitaka kujua upande wa pili wa ile ngazi. Mama Ofisa alinikaribisha, akafunga faili lililokuwa mbele yake, akanisikiliza. Nilimweleza desturi yote tangu mwanzo, kwa ukamilifu wa mtu anayetetea tasnifu. Aliniacha nimalize.

"Nyabo," alisema, kama kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "wewe ni wa mihogo, ama si hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Unakuja kufundisha Munyankole habari ya ng'ombe." Hakusema kwa ukali, alikuwa anakaribia kutabasamu. "Unafikiri siku ile mimi sikuelewa? Angekuwa hapa mutu wa ng'ambo, angeshika kamba, angepiga picha, angesema asante sana, na jioni amesahau. Mimi siwezi. Nikishika ile kamba, yule mutu ni ndugu yangu. Mwaka ujao mudogo wake naomba nafasi. Na mutoto wa mujane, mwenye hana ng'ombe hata ya kuota, yeye pia naomba. Kalamu yangu itaandika nani? Niambie wewe umesoma."

Nilikuwa nimekuja nikidhani upande mmoja una moyo na mwingine una sheria. Sasa niliwaona watu wawili waliolielewa jambo lilelile kwa kina kilekile, na kwa sababu hiyohiyo mmoja alilazimika kunyoosha mkono na mwingine kuurudisha. Haki aliyoitetea Mama Ofisa ilikuwa ya mtoto wa mjane asiyeonekana pale. Sikuweza kumlaumu. Hadi leo siwezi.

Nilimwambia tu lile ambalo hakulijua: kwamba Mpimaji amekataa shahada ya pili, na sababu yake, na kwamba nafasi inamngoja hadi mwaka ujao.

Aligeukia dirisha. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Hatimaye aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ile gaju. Bado iko?"

"Ipo, Mama. Imezaa. Ana mtamba mwingine aliyetengwa."

"Rangi?"

"Bihogo."

"Ah," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa mahali. Kisha akalifungua tena faili lake. "Mimi nabaki na muda kidogo kwa hii kiti. Nenda salama, nyabo. Usimuambie kitu."

Sikumwambia. Miezi ikapita. Mpimaji alipima damu, aliuliza maswali, alinunua maziwa dukani. Nikawa nikihesabu moyoni muda uliobaki kabla nafasi ile haijafungwa, na kila nilipomwona akipita na ndoo ya maji ya ng'ombe nilijizuia kwa shida.

Mgeni alikuja asubuhi ya kiangazi, vumbi la barabara ya Isingiro likiwa limesimama hewani. Gari dogo la mizigo lilisimama mbali kidogo, akashuka mwanamke aliyevaa shuka la heshima la kina mama wa Ankole lililofungwa begani, mkononi ameshika chombo cha mti cha kukamia maziwa chenye mfuniko wa ususi. Sikumtambua mara moja, kwa kuwa sikuwahi kumwona mbali na ofisi yake. Alifika kwenye minyaa, akaweka mkono kiunoni, akapaza sauti ya Makenke:

"Hapa ndiyo kwa yule mutu mwenye ameficha ng'ombe yangu?"

Mpimaji alitoka nyumbani na mswaki mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, macho yake hayakwenda kwenye kiwiko. Yalikwenda moja kwa moja usoni.

"Mama Ofisa."

"Hakuna ofisa hapa. Wamenipa keki, wamenipa saa ya ukutani, wamenirudisha nyumbani. Sasa ni Mama tu. Kalamu nimewaachia wao." Akautikisa mfuniko wa chombo chake. "Nauliza mara ya pili. Ng'ombe yangu iko wapi?"

Mpimaji alijaribu kusema kitu, mswaki ukaanguka. Alinituma mbio kumwita mzee wa kofia. Mzee alikuwa amezeeka zaidi; alimsifu mtamba wa bihogo vizuri hadi katikati, kisha maneno yakampotea, akasimama akitafuna hewa. Ndipo mgeni akaupokea wimbo mahali ulipokatikia, kwa maneno ya kwao, ambayo si yaleyale lakini yalienda upande uleule, na mtamba akageuza sikio. Alipomaliza alinyoosha mkono akaishika kamba. Aliishika kwanza karibu na mkono wa Mpimaji, na kwa kitambo waliishika wote wawili, mpaka Mpimaji mwenyewe akaiachia.

Baba yangu alikuwa amesimama muda wote ule kwenye ua, jembe begani, akijifanya anapita.

"Kumbe mufugaji anapendaka na batu," alisema.

Mara ya mwisho nilipomwona Mpimaji ilikuwa mjini Mbarara, siku chache kabla hajasafiri. Alikuwa amewaandikia watu wa ng'ambo kwamba sasa anaweza, nao walikuwa bado wamemtunzia nafasi. Tulikutana katika duka la maziwa karibu na barabara ya kwenda Ruharo, mojawapo ya yale maduka yenye madebe makubwa na vikombe vya plastiki, ambako watu huingia kunywa maziwa ya moto kama kwingine wanavyoingia kunywa bia. Alikuwa amekwisha kumuuliza mwuzaji maziwa yametoka boma gani, wanakamua saa ngapi na kwa nini kikombe cha kwanza huwa na mafuta kuliko cha mwisho. Mwuzaji alikuwa ameanza kumkimbia.

Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema kidogo, baridi, na chakula, na kukaa mbali na watoto. Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba yule mwanamke amempigia simu. Bihogo amezoea, anakula vizuri, na amepewa jina. Jina lenyewe hakunitajia. Alilitabasamia tu ndani ya kikombe.

"Na umekunywa maziwa ya wale waliobaki?"

"Nilikunywa ile siku moja. Mingi! Nikaumwa tumbo." Akacheka hadi watu wa meza nyingine wakageuka. "Mupimaji mwenyewe, tumbo ikamushinda."

Tulitoka nje. Mwanga wa alasiri ulikuwa juu ya mabati. Alikuwa amebeba mkoba mpya ambao bado ulikuwa na karatasi ya dukani kwenye mpini, na aliusogeza kutoka bega moja kwenda jingine kama mtu anayepima uzito wa ndama. Nilimwambia kwaheri kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyatayarisha, maneno marefu kidogo kuhusu elimu na wajibu. Aliyasikiliza kwa adabu. Lakini niliona kuwa kuna swali linalomsumbua, na kwamba alikuwa anangoja nimalize.

"Mutoto wa Muhogo," alisema, akinisogelea na kushusha sauti, "weye unajua kutafuta mu internet. Bale batu ba huko, benye kunilipia. Hebu niangalilie. Bako na fasi ya kufunga ng'ombe? Na banapendaka rangi gani?"